Somo la Familia: Mzazi na Mtoto kwenye Daftari Moja

Somo la wiki hii tumeliandaa kwa ajili ya wazazi wenye watoto wadogo, lakini bibi na babu msiondoke, maana mbele mtaona kwamba nanyi mna kazi. Fungueni 2 Timotheo 1:5 na 3:15, kisha Matendo ya Mitume 16:1. Someni nyumbani, kwa sauti, mtoto akiwa karibu. Tutarudi hapo baadaye kidogo.

Kwanza nisimulie jambo la kwangu. Mwaka wetu wa pili hapa Sydney, mwanangu akiwa na miaka sita, nilikuwa nasafisha begi lake la shule nikakuta karatasi chini kabisa, imekunjwa mara nne na imenata juisi. Niliisoma kwa kusuasua, kamusi ya simu mkononi. Shule ilikuwa imewaalika wazazi waje asubuhi moja, wakae darasani na watoto wao na kusoma nao kitabu. Tarehe ilikuwa imepita zaidi ya mwezi mzima. Nikamwita, nikamuuliza kwa nini hakunipa. Alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akasema hakutaka wenzake wanisikie nikisoma.

Sikumgombeza. Nilitoka nikaenda kukaa ndani ya gari.

Ninasimulia haya kwa ruhusa yake (sasa amekuwa mkubwa, anacheka), na kwa sababu najua si nyumba yangu peke yake. Katika kanisa letu wapo wazazi waliosoma hadi chuo kikuu Dar es Salaam au Nairobi, na wapo waliokimbia vita Uvira au Fizi wakiwa darasa la pili na hawakurudi tena kwenye dawati. Wote tukifika hapa tunakutana na jambo moja: mtoto anakimbia na lugha ya nchi, sisi tunabaki nyuma tukihema. Baada ya mwaka mmoja au miwili yeye ndiye anayesoma barua, yeye ndiye anayepokea simu za ofisi, yeye ndiye anayemweleza daktari mama anaumwa wapi. Kila mmoja wetu anajua ule utani wa mtoto aliyeenda na baba yake kuonana na mwalimu. Mwalimu analalamika kwamba mtoto hakai chini, na mtoto anatafsiri: "Anasema naendelea vizuri sana." Tunacheka. Lakini mtoto wa miaka minane akishaona kwamba bila yeye baba haelewi kitu, siku baba atakapomkataza jambo, neno lile litakuwa jepesi.

Kwa habari ya daktari, niseme haraka kabla sijasahau: hospitali za umma hapa NSW zina wakalimani bila malipo, na ipo huduma ya serikali ya ukalimani kwa simu, TIS National, nambari 131 450. Omba mkalimani wa Kiswahili. Mtoto asikalimani habari za tumbo la uzazi la mama yake.

Kisomo cha familia

Dawa tuliyoizoea ni kuwatenganisha. Mzazi aende darasa lake la Kiingereza, mtoto aende shule yake, jioni wakutane wamechoka. Si dawa mbaya, ila haigusi kile kilichoumia, yaani uhusiano wa wawili hawa kwenye kujifunza. Ipo njia nyingine ambayo walimu wa nchi mbalimbali wameijaribu kwa miaka mingi: kumfundisha mzazi na mtoto wake mdogo pamoja, kama familia moja. Kwa Kiswahili naona jina linalofaa ni kisomo cha familia, kwa sababu neno kisomo wazee wetu wa Tanzania wanalijua vizuri. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulionyesha kwamba wasiojua wamebaki asilimia 39. Mama zetu walikaa kwenye madarasa yale ya jioni na watoto wachanga mgongoni. Hata hivyo kile kilikuwa kisomo cha watu wazima. Mtoto mgongoni alikuwa abiria tu.

Kisomo cha familia kinamshusha mtoto mgongoni na kumpa nafasi yake. Mpango uliotoa umbo linalojulikana zaidi ulianzia jimbo la Kentucky, Marekani, mwaka 1986. Huko vijijini wazazi wengi walikuwa wameacha shule mapema, na watoto wao nao walikuwa wanaelekea njia hiyohiyo. Mwalimu aitwaye Sharon Darling alikuwa miongoni mwa waliouanzisha, na mwaka 1989 akaanzisha kituo cha taifa cha kazi hiyo mjini Louisville. Mzazi na mtoto wa miaka mitatu au minne walikwenda shule pamoja. Mtoto alikuwa na darasa lake la awali, mzazi alikuwa na masomo yake ya utu uzima, na wazazi walikuwa na wakati wao wa kuzungumza juu ya malezi na mambo yanayowasumbua. Kisha kulikuwa na kipande cha nne, kile ambacho bila hicho vingine vitatu ni shule mbili tu zilizokaa chini ya paa moja: muda ambao mzazi na mtoto wanakaa pamoja, mtoto anachagua mchezo au kitabu, na mzazi anafuata, anauliza, anasoma naye. Mwalimu anakaa pembeni.

Naomba mkishike hicho kipande cha nne. Somo lote la leo limejengwa juu yake.

Nyumba ya Listra

Sasa rudini kwa Timotheo. Paulo anapomkumbusha imani yake, anataja majina ya wanawake wawili: bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Anasema pia kwamba Timotheo aliyajua maandiko tangu utoto. Nani alimfundisha? Matendo 16:1 inatuambia baba yake alikuwa Myunani, mama Myahudi. Ukisoma Matendo 14:11 utaona kwamba watu wa Listra mjini kwao walikuwa wakisema Kilikaonia. Yaani kijana huyu alikulia nyumba yenye lugha ya mama, lugha ya baba, na lugha ya mtaani. Inafanana na nyumba nyingi za Blacktown na Auburn. Na mafundisho ya maandiko yalitoka kwa bibi na mama, nyumbani.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna historia yetu pia. Katika Buganda ya karne ya 19, wamishonari wa CMS walitaka mtu ajue kusoma kabla hajabatizwa, hata Wakristo wakaitwa abasomi, wasomaji. Wakikuyu nao waliwaita athomi, maana yake ni ileile. Chifu mwenye watu wake na kijana mdogo wa ikulu walianza na herufi zilezile. Hakuna aliyeona haya kwa sababu wote walikuwa wanaanza.

Na si historia ya zamani tu. Waliowahi kusafiri kwa basi kutoka Kampala kwenda Busia wamepita Bugiri, mashariki mwa Uganda. Serikali ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 1997, madarasa yalifurika, na wazazi wengi wakaona kazi yao imekwisha: mtoto ni wa serikali sasa. Shirika la Uganda liitwalo LABE, linalofanya kazi ya kisomo tangu 1989, likaanzisha Bugiri mwaka 2000 mpango wa elimu ya msingi ya familia, FABE. Walengwa walikuwa wazazi wa watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu. Wazazi walikuwa na vipindi vyao vya kusoma na kuhesabu, walionyeshwa watoto wao wanafundishwa nini shuleni, na kulikuwa na vipindi vya pamoja ambapo mzazi alikaa na mwanawe na kufanya naye kazi ileile. Mtu ambaye hajawahi kuingia darasani isipokuwa kuitwa kwa ajili ya kosa la mtoto, sasa anaingia kama mwanafunzi mwenzake. Baadaye LABE walipeleka kazi hiyo kaskazini mwa Uganda, kwenye maeneo yaliyotoka vitani, wakiwa na vituo vya kujifunzia karibu na nyumba za watu na lugha za kwao zikitumika.

Hapa kwetu

Australia ina mpango mmoja wa namna hii ambao napenda kuueleza kwa kirefu, kwa sababu jinsi unavyofanya kazi kuna la kuiga hata kama haupo mtaani kwako. Unaitwa HIPPY. Ulianzia Yerusalemu mwaka 1969, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kiebrania aitwaye Avima Lombard alipotafuta namna ya kuzisaidia familia za wahamiaji ambazo wazazi wake hawakusoma sana. Uliingia Australia mwaka 1998, Fitzroy mjini Melbourne, kwenye zile nyumba ndefu za serikali wanakoishi wahamiaji wengi, ukiongozwa na shirika la Brotherhood of St Laurence. Kuanzia 2008 serikali ya Australia iligharimia kuusambaza, hadi ukafikia maeneo 100.

Mkufunzi anakuja nyumbani kwako. Hatoki chuo kikuu. Ni mama au baba wa mtaa huohuo, mara nyingi mwenye mtoto aliyepitia mpango huohuo, na mara nyingi ni mhamiaji. Hamfundishi mtoto. Anakaa na wewe mzazi mezani, na mnaigiza: yeye anakuwa mzazi, wewe unakuwa mtoto. Anakusomea kitabu cha picha, anakuuliza maswali, wewe unajibu kama mtoto wa miaka minne angejibu. (Akina baba wanaona haya mwanzoni. Wakizoea wanakuwa watoto watundu kuliko watoto wenyewe.) Kisha mnabadilishana. Akiondoka, anakuachia kitabu na kazi za wiki, na wewe unakaa na mwanao kama robo saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Mpango unadumu miaka miwili.

Oneni hekima yake. Mzazi asiyesoma vizuri amekwisha kupita kitabu kile mara mbili kabla mtoto hajakiona. Mtoto hamwoni mama akihangaika na herufi. Anamwona mama akijua. Na anayekuja kumfundisha mama ni mtu anayefanana naye, kwa hiyo haya inapungua. Mwisho wa yote mtoto anaingia shule akiwa tayari anaamini jambo moja, kwamba mambo ya vitabu yanaanzia kwa mama na baba.

Sasa Sydney. Ukiangalia vizuri, vipande vingi vya kisomo cha familia tunavyo hapa, ila vimetawanyika.

Kipande cha mzazi kipo. Mpango wa serikali wa Kiingereza kwa wahamiaji, Adult Migrant English Program, ambao wengi tunauita AMEP tu, ulianza mwaka 1948 kwa ajili ya wakimbizi na wahamiaji wa Ulaya baada ya vita. Hulipi, na ukiwa darasani mtoto wako ambaye hajafikia umri wa shule analelewa bila malipo. Zamani ulipewa saa 510, zikiisha zimekwisha. Kuanzia Aprili 2021 kikomo hicho kiliondolewa, unasoma hadi Kiingereza chako kifikie kiwango cha kukuwezesha kusoma ufundi. Kuna akina mama hapa kanisani waliomaliza saa zao miaka hiyo wakajua mlango umefungwa. Nendeni mkaulize tena. Na kama umefika karibuni, jiandikishe mapema.

Kipande cha mtoto kipo pia. Hapa NSW mtoto anaanza shule, mwaka ule unaoitwa Kindergarten, ikiwa anatimiza miaka mitano ifikapo tarehe 31 Julai mwaka huo, na lazima awe ameanza akifikisha miaka sita. Kabla ya hapo ipo shule ya awali, na vipo vikundi vya kucheza, vile akina mama wanaviita pleigrupu, ambavyo mzazi anabaki na mtoto wake muda wote. Nasisitiza kubaki. Nimewaona wazazi wakikaa ukutani na simu, mtoto akicheza peke yake, kana kwamba wako kwenye foleni ya benki. Pale ndipo penye kipande cha nne, nasi tunakikalia bila kukitumia.

Mahali vipande vinapokaribiana zaidi ni kwenye shule za msingi zenye Community Hub. Hivi ni vituo vilivyo ndani ya shule kwa ajili ya familia za wahamiaji hasa mama wenye watoto wadogo. Kwa upande wa NSW shirika la SSI ndilo linaloviunga mkono, na vingi viko magharibi mwa Sydney. Utakuta darasa la Kiingereza la akina mama na kikundi cha watoto palepale, mtoto mkubwa yuko darasa la pili uani. Idara ya Elimu ya NSW nayo ina vituo viitwavyo Schools as Community Centres kwa familia zenye watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Huhitaji mtoto wako awe mwanafunzi wa shule ile ndipo uulize. Ingia ofisini uulize.

Tatizo ni kwamba mama anayesafisha ofisi alfajiri na baba anayepakia mizigo usiku hawafiki kwenye vituo hivi saa nne asubuhi. Ndiyo maana ninasema vipande vitatu tunaweza kuvipata kwa serikali na mashirika, lakini cha nne wengi wetu itabidi tukifanye wenyewe, mezani kwetu, na kwa lugha yetu.

Kwa lugha gani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kila mara. Mzazi ananiambia: "Mwalimu, Kiingereza changu kibovu, nitamfundisha nini? Na nikimsomea Kiswahili si namchelewesha?"

Humcheleweshi. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 1953 ilikwisha kusema kwamba lugha ya nyumbani ndiyo njia bora ya kumwanzishia mtoto kujifunza, na Jim Cummins wa Kanada ameeleza tangu miaka ya 1970 kwamba yale mtoto anayojifunza katika lugha moja huvuka kwenda kwenye lugha ya pili. Mtoto akishajua kwamba hadithi ina mwanzo na mwisho, kwamba alama zile nyeusi zinasema kitu, kwamba mtu anaweza kuuliza "kwa nini?" katikati ya ukurasa, hahitaji kujifunza hayo mara mbili. Kinachomchelewesha ni nyumba isiyo na mazungumzo, ambapo mzazi amekiacha Kiswahili chake kizuri na kuzungumza Kiingereza cha maneno ishirini: njoo, kula, acha, lala.

Tena kwa upande wa kusoma Kiswahili kinatupa zawadi ambayo Kiingereza hakina. Ba, be, bi, bo, bu. Kila irabu ina sauti moja na haibadiliki. Tangu 2021 shule zote za serikali NSW zinawapima watoto wa Mwaka wa 1 kama wanaweza kuunganisha sauti za herufi. Wanapewa maneno 40, na nusu yake ni ya kubuni yasiyo na maana, ili ionekane kama mtoto anaunganisha sauti kweli au amekariri. Mtoto aliyecheza na silabi za Kiswahili kwa bibi yake anajua maana ya kuunganisha.

Lakini jihadharini na mtego mmoja. Mtoto anapotaja herufi kwa Kiingereza, E anaiita "i", na I anaiita "ai", na A anaiita "ei". Mama anasikia "i" anaandika I, mtoto anasema umekosea, mama anakasirika, na robo saa imeharibika. Msigombane. Mwambie mtoto, "Wewe nifundishe majina ya herufi kwa Kiingereza, mimi nikufundishe sauti zake kwa Kiswahili." Kila mmoja ana kitu cha kumpa mwenzake. Na wala tusibishane Kiswahili kipi; cha Bukavu, cha Lubumbashi, cha Kigoma au cha Mombasa, chote kinafaa kumsomea mtoto.

Robo saa ya nyumbani

Zima televisheni. Kaa upande mmoja na mtoto, si mkabala naye, ili nyote mwone ukurasa. Kama una kitabu, vema. Maktaba za halmashauri zote hapa Sydney kujiunga ni bure, na maktaba kuu ya jimbo, State Library of NSW, huzipelekea maktaba za mitaa vitabu vya lugha nyingi. Mwambieni mkutubi kwamba mnatafuta vya Kiswahili, ili ijulikane kwamba tupo. Kwenye simu kuna African Storybook, kazi ya shirika la Saide la Afrika Kusini, yenye hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili, bure. Hadithi nyingi zipo kwa Kiingereza pia. Mnaweza kusoma Kiswahili leo na Kiingereza kesho, wewe ukiwa tayari unajua kinachotokea.

Msikimbilie kumaliza. Ukurasa mmoja wenye maswali unashinda kitabu kizima cha mbio.

Baba mwenye zamu, robo saa yako iko njiani. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja nyumbani na njiani. Mkiwa kwenye treni, someni majina ya vituo pamoja: Blacktown, Seven Hills, Toongabbie, Pendle Hill, Wentworthville. Toongabbie ni jina lenye asili ya wenyeji wa kwanza wa nchi hii, hivyo Kiingereza cha mtoto hakimsaidii kukushinda. Hapo mko sawa. Ukiendelea hadi mstari wa 9 utakuta habari ya kuandika kwenye miimo ya milango. Nyumbani kwetu tulibandika vikaratasi mlangoni, kwenye friji, kwenye sufuria: jina la Kiswahili juu, la Kiingereza chini. Mtoto aliandika ya Kiingereza, mimi ya Kiswahili. Mke wangu alikataa vya kwenye sufuria.

Na kwa mzazi au bibi asiyejua kusoma kabisa: wewe ndiye Loisi wa nyumba. Anza na "Kitendawili!" na mtoto aitikie "Tega!" Nyumba yangu haina mlango. Atataja vitu kumi kabla hajafika kwenye yai, na kila alichotaja muulize kwa nini. Kisha msimulie kisa cha kweli cha utoto wako, kifupi. Mtoto achore. Mtu mwingine wa nyumba anayejua kuandika aandike sentensi moja chini ya kila picha, kwa maneno yako ulivyoyasema, bila kuyasahihisha. Shoneni karatasi kwa uzi. Hicho ni kitabu, na bibi ataweza "kukisoma" bila kukosea hata neno, kwa sababu ni chake. Akikipitia mara nyingi na mjukuu, kidole kikifuata maneno, herufi nazo zitaanza kufahamika. Nimeona hilo likitokea kwa mama mmoja wa miaka zaidi ya sitini, aliyeanza kwa kulitambua jina lake.

Kitabu cha kwanza cha nyumbani kwetu kina kurasa saba. Kinahusu mbuzi wa bibi yangu aliyekula kofia ya mwenyekiti wa kijiji. Mwanangu hajawahi kukipeleka shuleni. Ila wageni wakija, anakitoa mwenyewe kwenye droo, na siku hizi mdogo wake anadai asomewe yeye kwanza.

Ya kuzungumza kwenye vikundi vya nyumbani wiki hii

Nani alikufundisha herufi ya kwanza, na mlikuwa mmekaa wapi? Wasimulieni watoto, hata kama jibu ni "hakuna".

Katika nyumba yenu, ni mambo gani mtoto anawasomea au kuwatafsiria ambayo hayamfai? Nani mwingine anaweza kuyafanya?

Someni tena Matendo 16:1 na mjadili: Eunike angefanya nini kama Timotheo angerudi nyumbani akijibu kwa Kilikaonia kila alichoulizwa kwa lugha ya mama?

Na leo jioni, kabla ya kulala, kaa na mwanao mfungue begi la shule pamoja, hadi chini kabisa. Mwombe akusomee karatasi yoyote mtakayoikuta, kisha nawe umsomee moja.